Alituuzia Mlio

Mpiga picha mmoja wa Musoma amefariki, tumemzika Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wasomaji wa safu hii, hasa ninyi wa Mara, mnauliza mbona sijaandika neno juu yake wakati nilimfahamu, wakati nilikuwa nakutana naye kwenye kila harusi na kila jubilei, kuanzia Bunda hadi vijiji vya rasini kwetu, kandokando ya ziwa. Mmoja wenu ameniandalia hadi maneno ya kutumia: nguzo, mhimili, hazina ya picha za mkoa wetu. Nimeyasoma, nimeyafuta. Tumelelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mimi ni mtoto wa kanisani, najua kufunga mdomo msibani. Lakini kunyamaza ni jambo moja na kusifu ni jingine, na mnachoniomba ni kusifu. Basi nitasema ninachokijua, na atakayekereka afunge gazeti aende akanywe chai.

Waliozaliwa wakakuta maduka yamejaa hawawezi kuielewa miaka ninayotaka kuisema. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana. Sukari ikifika duka la kijiji, hata wagonjwa waliamka wakapanga foleni. Neno lililotamkwa kuliko yote nchini lilikuwa "hakuna", na mwenye duka alilitamka bila aibu na bila maelezo, kwa sababu kila mtu alijua ni kweli. Filamu za kamera zilitoka ng'ambo ya mpaka, zikapita Sirari zimefichwa kwenye soksi za watu, na aliyeipata moja aliitunza kuliko pete ya ndoa. Kijijini kwetu Kiriba hatukuwa na mpiga picha. Alikuwa anakuja marehemu mwenyewe kutoka mjini siku za sikukuu, kwa baiskeli, kamera ikining'inia kifuani ndani ya mfuko wa ngozi. Ilikuwa kamera nzito, ya aina ile yenye kioo ndani kinachoruka kila inapobonyezwa, na ilikuwa na mlio mkali, kama mtu anayefunga sanduku la bati kwa hasira. Tuliupenda mlio ule. Tena tuliuamini. Kwetu mtu akishapigwa picha hakuuliza kama ametoka vizuri, maana angejibiwa nini, aliuliza, "Imelia?" Mpiga picha akijibu imelia, mambo yamekwisha, unalipa. Isipolia hulipi, na wazee walikuwa wakali juu ya hilo. Nilimshuhudia baba mmoja akigoma kutoa jogoo wake kwa sababu radi ilipiga wakati uleule wa kubonyeza, naye hakusikia kitu kingine. Ikabidi apigwe upya.

Pasaka moja mama yangu aliamua kupigwa picha. Hakuwahi kupigwa hata mara moja, hata siku ya ndoa yake. Gauni lake la kanisani lilikuwa limechakaa na vitambaa havikupatikana, kwa hiyo aliazima la mke wa mchungaji, la bluu lenye kola nyeupe, likambana mabegani. Nilikuwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyemshikia kioo wakati anachana nywele. Akaenda kusimama kwenye ukuta wa kanisa, mikono ameinyoosha ubavuni, pumzi ameibana. Kamera ikalia, na papo hapo kikohozi kikamtoka, maana alikuwa ameshaanza kukohoa siku zile. Akaingiwa na hofu kwamba kikohozi kimeufunika mlio, au kimeharibu mambo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Imelia?"

Bwana yule akatabasamu. "Imelia, mama. Lakini ngoja nikuongezee nyingine, ya bure."

Ikalia tena. Mama akampa jogoo, na kwa muda wote uliobaki wa maisha yake, ambao haukuwa mrefu, aliusifu wema wa mtu yule. Aliwaambia majirani kisimani kwamba watu wa mjini wanasingiziwa tu, kwamba mpiga picha yule ni mwungwana, amemwongezea picha ya bure bila kuombwa.

Picha hazikuja. Tulipouliza mara ya kwanza tuliambiwa dawa za kusafishia hakuna. Baadaye dawa zimekuja lakini karatasi hakuna. Sisi tulitikisa kichwa tukaelewa, kwa sababu hata chumvi ilikuwa hakuna, seuze karatasi za picha. Mama alifariki kabla pamba ya mwaka ule haijavunwa. Matanga yalipokwisha, baba alikwenda Musoma kumwomba bwana yule ile negativu tu, hata isiposafishwa, aiweke ndani ya Biblia. Akaambiwa filamu iliungua yote. Baba alirudi akakaa kizingitini, akasema ni hali ya nchi, tusimlaumu mtu. Hatukumlaumu. Leo hii mimi nalikumbuka gauni lile hadi vifungo vyake, naikumbuka kola, nakumbuka jinsi lilivyokuwa limembana mabegani. Uso siukumbuki. Umefutika. Nimewauliza shangazi zangu, wananiambia alikuwa mzuri, alikuwa mpole, alifanana kidogo na bibi. Hayo ni maneno ya kaburini, hayana pua wala macho. Mtu anayeniambia nimeshakua, niache habari za picha, huyo ana picha ya mama yake sebuleni.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa barabarani, redio kwa televisheni zikapangwa hadi nje ya milango, na kila aliyekuwa na ujanja wake akapata pa kuuweka. Miaka ikaenda. Mimi nikawa mwandishi, na kamera za kidijitali zilipofika hadi kwetu nikaamua kununua moja, ile kubwa, yenye lenzi ya kubadilisha. Nilikwenda Bunda, kwa bwana mmoja aliyekuwa mpiga picha zamani, akafungua duka karibu na stendi, anauza kamera, redio na simu. Akaniwekea tatu juu ya kaunta. Akaanza kunisomea sifa: hii ina megapikseli nyingi, hii inashika betri siku nzima, hii ina dhamana. Nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikamwomba anyamaze kidogo nizisikie zinavyolia. Alinitazama kama mteja aliyeomba kuonja sabuni. Ya kwanza ililia taratibu, kama mtu anayefunga kitabu cha nyimbo, naye akasema hiyo ndiyo ya kanisani. Ya pili ililia kikavu tu, haikunipa wala haikuninyima. Nikaibonyeza ya tatu, na hapo hapo dukani Bunda nikasimama tena Kiriba na kioo mkononi. Ulikuwa mlio uleule. Nikaishika kaunta kwa mikono miwili.

Akaniuliza kama naumwa. Nikamsimulia, kwa kifupi, Pasaka ile, gauni, kikohozi, filamu iliyoungua. Nilimtaja mpiga picha. Yeye akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama watu wa kazi moja wanavyocheka wenyewe kwa wenyewe, akashtukia baadaye kwamba anacheka peke yake.

"Dada, filamu gani iungue?" alisema. "Pasaka ile yule hakuwaga na filamu kabisa. Aliimalizaga hapa hapa Bunda kwenye harusi ya mkubwa mmoja, tulikuwaga naye. Akatuambia Kiriba anaenda hivyo hivyo, kuku hawajui filamu."

Jambo hilo walikuwa na jina lake: kupiga hewa. Mlio ni wa kioo na lile pazia dogo la ndani, filamu yenyewe haisemi kitu, iwepo isiwepo kamera inalia vilevile. Nikamuuliza kuhusu ile ya bure. Akainamisha kichwa akasema hiyo bwana yule alikuwa anawapa wote, ilikuwa inawafurahisha.

Niliinunua ya tatu. Mwenye duka alinisihi nichukue ya kwanza, akasema mlio ule utanitesa. Nilitaka unitese. Nilitaka kila ninapobonyeza nikumbushwe kwamba kuna mtu Musoma anakula na kulala vizuri kwa jogoo wa mama yangu. Na kweli umenitesa, nyie mnaonifuata hapa mnajua nilivyoulalamikia. Kwenye misa Butiama nimegeukiwa na safu tatu za wazee kwa wakati mmoja. Mahakamani nimetolewa nje. Mchungaji wetu, mtu wa utani, aliwahi kusimamisha mahubiri akasema, "Dada, mimi nahubiri, kamera yako inaniitikia." Nyumbani nikiijaribu, mbuzi wanakimbia. Nimejaribu kuizungushia kitambaa, nimejaribu kupiga kwaya ikiimba, nimejaribu kusubiri watu wakohoe. Hilo la mwisho nililiacha. Mtu akikohoa mbele ya lenzi mkono wangu unakufa.

Lakini kamera yangu ilikuwa na kitu ambacho ya bwana yule haikuwa nacho, skrini ya nyuma, na kwa skrini hiyo nilimmaliza. Simung'unyi maneno: nilimmaliza kwa makusudi. Nilikuwa najua ratiba zake kuliko mke wake. Akipewa harusi Bunda, nami nipo. Akienda mahafali ya shule Mugeta, ananikuta getini. Jubilei Kiriba, nimetangulia. Sikumtukana, sikumwambia lolote. Nilimpiga picha bibi mmoja, mbele ya bwana yule, nikaigeuza kamera nikamwonesha uso wake mwenyewe pale pale, kabla hajakaa. Bibi anashika mdomo, anaita wenzake. Nikawaambia wote waziwazi: msimlipe mtu kwa mlio, mwambieni awaoneshe. Basi. Neno lile lilitembea lenyewe. Ikawa mtu akipigwa tu, haulizi tena kama imelia, anasema, "Tuone." Watoto wakalifanya wimbo. Bwana yule bado alikuwa na kamera yake ileile ya filamu, na kwa kweli miaka hiyo filamu zilijaa tele, nadhani alikuwa anaziweka kweli ndani ya kamera. Haikumsaidia. Angeonesha nini? Anaeleza kwamba lazima zisafishwe kwanza, zitakuwa tayari wiki ijayo, na watu wanamtazama kama walivyotakiwa kumtazama tangu zamani. Siku moja alinifuata nyuma ya hema la harusi akaniambia namharibia riziki, mtu mzima kama yeye ale wapi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimwambia mimi naonesha tu. Alifunga studio yake ya sokoni, akabaki kuchaji simu za watu kwenye kibanda. Nilipita mbele ya kibanda kile mara kwa mara bila kuwa na simu ya kuchaji, nikafurahi. Nilifurahi kabisa.

Mtasema nimemwonea mtu mmoja kwa dhambi ya nchi nzima. Nimelifikiri hilo. Ni kweli miaka ya hakuna ilimfuga kila mwongo, kwa sababu uongo ulivaa nguo ileile ya ukweli; aliyeficha sukari na asiyekuwa nayo walitoa jibu moja. Na ni kweli ruksa haikuwaondoa, iliwapa tu bidhaa. Wakulima wa pamba Bunda wamepuliza dawa inayonuka sawasawa na dawa, na funza wakaendelea kula. Wamesimama mbele ya mizani inayotikisika sawasawa na mizani. Viongozi wamekuja kwa makofi na king'ora, tumewekewa mawe ya msingi juu ya visima ambavyo havikuchimbwa, tukarudi nyumbani tumeridhika kwa sababu tumesikia. Sisi ni watu tuliozoea kulipia mlio. Lakini nchi haikusimama mbele ya mama yangu ikamwambia ngoja nikuongezee nyingine. Aliyesimama ana jina, na jina lile ninalo, na siliandiki hapa kwa sababu ya watoto wake tu.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, alikuja kwangu Nyasho, hapa Musoma, asubuhi. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, koti linamwogelea, anapumzika kila baada ya hatua chache. Tulisalimiana, nikampa kiti, nikampa maji, maana mgonjwa ni mgonjwa. Akaenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Binti yangu, naomba unipige picha. Ya kuwekwa mbele." Nilijua mbele ya nini. "Miaka yote nilikuwaga nyuma ya kamera. Nyumbani hakuna hata moja yangu."

Nilikwenda ndani kuchukua kamera, na huko ndani nikaichomoa kadi inayohifadhi picha. Niliishika kiganjani, kitu kidogo kama ukucha, nikaona jinsi itakavyokuwa: italia vizuri kabisa, atashukuru, atakwenda zake, na siku ya siku jeneza lake litakaa mbele ya watu bila uso. Niliona utamu wake. Nikairudisha kadi, na msinipe sifa kwa hilo. Niliirudisha kwa sababu angekufa bila kujua, na mimi sikutaka kisasi ambacho mwenyewe hakisikii. Nilitaka ajue. Nikamketisha kwenye stuli, ukutani, nikamlenga, na nikiwa nimemweka ndani ya lenzi nikamwambia: Kiriba, Pasaka, ukuta wa kanisa, mama mmoja mwenye gauni la bluu lenye kola nyeupe, alikuwa anakohoa, ulimpiga mbili, na ya pili ulisema ni ya bure.

Hakukana. Ningependa angekana. Alisema tu kwamba miaka ile walipiga hewa wengi, filamu zilikuwa hazipatikani na watu walitaka wapigwe. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia, "Mama yako alikuwaga yupi?"

Nikarudia. Gauni. Kola. Kikohozi. Akakunja paji la uso, macho akayainua juu kidogo ya kichwa changu, midomo ikacheza. Alikuwa anapekua. Nilimwona akipita Kiriba yote, ukuta kwa ukuta, mama kwa mama, nami nikasahau kubonyeza, kwa sababu ghafla sikutaka tena kumwumiza, nilitaka ampate. Hakumpata. Nikabonyeza. Ikalia.

Nikamwonesha, kwa kuwa ndiyo kanuni yangu na siwezi kuivunja kwa mtu yeyote. Aliisogeza skrini karibu na macho.

"Hapo nilikuwa namtafuta," alisema. "Nimemkosa, binti."

Akaomba nimpige nyingine, akiwa ametulia. Nikamwambia hapana.

Binti yake ndiye aliyenipigia simu kuniarifu kifo, na baada ya pole akaniomba picha. Nilimpa. Niliichapisha Bunda, kubwa kuliko alivyoomba, kwa sababu nilijua watu wa Kiriba watakuja, na nilitaka kila aliyewahi kumpa jogoo amwone vizuri. Jumamosi ilisimama mbele ya jeneza, ina maua pembeni. Mhubiri aliinyooshea kidole akasema tuyatazame macho yale, hayo ni macho ya mtu aliyekuwa akizungumza na Mungu wake. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa safu ya tatu, najua macho yale yalikuwa yanamtafuta nani.

Sijamsamehe, na wachungaji wanaosoma hapa wasinipigie simu. Lakini kuna jambo limenikaba tangu asubuhi ile ya Nyasho. Bwana yule, pale Kiriba, kabla ya kubonyeza alifumba jicho moja, na kwa jicho la pili akamtazama mama yangu. Hilo halikuwa hewa. Filamu haikuwepo, jicho lilikuwepo. Hakuna mtu mwingine aliyepata kuutazama uso ule kwa makini namna ile, na siku nilipoambiwa ukweli pale Bunda alikuwa bado mzima, akili zake zinakata. Ningeweza kupanda basi siku ileile, nikamshika kola sokoni nikamwambia keti, nieleze, pua yake ilikuwaje, alikuwa anacheka au anaogopa. Labda angekumbuka. Mimi nikaona bora kumnyang'anya harusi na mahafali. Nikashinda kila mahali, nikampa miaka ya kukaa kibandani na kusahau, na alipofika kwenye ukuta wangu mama alikuwa ameshatoka kichwani mwake. Basi ninyi wenye visasi, na najua mko wengi, nawaachia hili: kabla hujamwangusha adui yako, mwendee akueleze kwanza alichokiona. Mwangushe baadaye.